Duka Sebuleni: Historia ya Biashara za Nyumbani Mbeya na Iringa, Toka Enzi za Mjerumani Mpaka Enzi za WhatsApp

Saa 12 asubuhi, baridi ya Mbeya bado haijaachia, mtaa wa Ilomba unanukia mafuta ya vitumbua. Saa hiyohiyo kule Iringa, Kihesa na Mlandege, akina mama wanatoa meza barazani: maandazi kwenye ndoo, chai kwenye chupa, wateja ni wanachuo na bodaboda. Nyumba ya pili kuna cherehani. Ya tatu kuna saluni, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni. Ya nne ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama kuna biashara, ila binti wa humo ndani anauza mawigi na viatu Instagram, na sebule ndiyo stoo.

Sasa chukua hati ya mojawapo ya nyumba hizo, kama hati ipo. Soma sehemu ya masharti. Mara nyingi utakuta neno moja linalosumbua: makazi. Siyo makazi na biashara. Makazi tu.

Yaani kwa karatasi, mtaa mzima uko kwenye kosa. Na kila afisa wa mipango miji analijua hilo, kila mwenyekiti wa mtaa analijua, ila maisha yanaendelea mpaka siku moja mtu anakuja na rangi nyekundu na kuchora X ukutani. Siku hiyo ndiyo watu wanaanza kuulizana: hivi nani aliamua kwamba nyumba ni ya kulala tu?

Jibu lake linaanza zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Mji juu ya kilima

Kabla ya mkoloni, kwenye Nyanda za Juu Kusini hakukuwa na mpaka kati ya nyumbani na kazini. Ulanzi uligemwa kwenye mianzi ya nyumbani ukanywewa nyumbani. Vikapu vya milulu, hivi ambavyo leo dunia inaviita vikapu vya Iringa, vilisukwa barazani huku watoto wanacheza pembeni. Nyumba ilikuwa kiwanda, duka na kitanda kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka 1894 Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Mwaka 1896 wakaanza kujenga mji wao kilometa chache kutoka hapo, juu ya kilima. Jina la Iringa lenyewe linatokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Nyuma ya askari wakaja wafanyabiashara, Wahindi na Waswahili wa pwani, maana penye kambi ya jeshi pana mishahara, na penye mshahara pana mteja.

Mbeya yenyewe ni mdogo wake Iringa. Mji ulianza mwaka 1927, wakati watu wanakimbilia dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Mzungu mwenye leseni ya kuchimba alihitaji koleo, unga, nguo na mahali pa kulala. Mji ukazaliwa kuhudumia hilo. Kwa maneno mengine, Mbeya ni mji uliozaliwa na biashara, halafu baadaye ukaanza kuambiwa biashara ikae mbali na nyumba.

Miji mitatu ndani ya mmoja

Kanuni za kugawa mji zilianzia Dar es Salaam. Mjerumani alitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891, zikieleza nyumba za aina gani zijengwe upande upi. Mwingereza alipochukua nchi, mwaka 1924 akaigawa Dar es Salaam katika kanda tatu. Ya kwanza nyumba za kuishi za mtindo wa Kizungu, ya pili nyumba za biashara na kuishi, ya tatu nyumba za wenyeji.

Kwenye karatasi hawakuandika rangi ya mtu. Waliandika aina ya nyumba. Lakini kila mtu alielewa nani anaweza kujenga nyumba ipi, na sababu iliyokuwa ikitolewa sana ni afya, kwamba Mzungu akikaa karibu na Mwafrika atapata malaria. Ndiyo maana miji mingi ya Tanzania mpaka leo ina majina yaleyale: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mbeya hawajahangaika hata kubadilisha. Uhindini ipo, Uzunguni ipo. Iringa ukipanda Gangilonga unaona nyumba zenye bustani kubwa na barabara zenye miti, halafu ukishuka Makorongoni na Kitanzini unaona vyumba vimebanana na uchochoro katikati.

Hapa kuna kitu watu wengi hawakitazami. Pale Uhindini, sheria iliruhusu kabisa mtu alale alipofanyia biashara. Duka lilikuwa mbele, familia nyuma au ghorofani. Mzee anashuka ngazi asubuhi, anafungua mlango, anauza khanga na mafuta ya taa. Saa 7 mchana anafunga, anakula na watoto wake, anafungua tena. Hakulipa kodi ya fremu, hakulipa nauli, na mke na watoto walisaidia dukani. Hiyo ndiyo biashara ya nyumbani yenyewe, na iliwajenga watu wengi.

Uzunguni hakukuhitajika duka. Mtu alikuwa na mshahara wa serikali au shamba la tumbaku au kahawa, na mpishi ndiye alitumwa sokoni.

Uswahilini ndiko kulikokuwa na kazi. Mwanamke aliyekuja mjini bila ajira alikuwa na njia chache: kupangisha chumba, kupika chakula, kupika pombe. Pombe ndiyo iliyokuwa na hela zaidi, na ndiyo iliyobanwa zaidi. Serikali ya kikoloni ilitaka pombe ya kienyeji iuzwe mahali palipokubaliwa, ikusanye ada na ijue nani yuko wapi saa ngapi. Neno kilabu, ambalo leo mtu wa Iringa analitumia akienda kunywa ulanzi na wa Mbeya akienda kunywa komoni au kimpumu, lina historia hiyo ndani yake. Aliyepika nyumbani kwake bila kibali alikuwa mhalifu.

Kwa hiyo kitendo kilikuwa kimoja, kuuza nyumbani. Mtaa mmoja kikaitwa biashara. Mtaa mwingine kikaitwa kosa.

Uhuru unakuja, karatasi zinabaki

Mwaka 1956 ikatungwa Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji, na mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, zikatoka kanuni za makundi ya matumizi ya ardhi. Kanuni hizo ziligawa matumizi kwa herufi. Kundi A ni makazi, halafu makundi mengine yakafuata kwa biashara, viwanda na huduma. Kiwanja kikipimwa kinapewa kundi lake, na kundi hilo linaandikwa kwenye hati.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, ubaguzi wa rangi ulifutwa. Ila ramani hazikuchanwa. Uzunguni ikawa makazi ya ujazo wa chini, Uhindini ikawa ujazo wa kati, Uswahilini ikawa ujazo wa juu. Majina yakawa ya kitaalamu, viwanja vikabaki na ukubwa uleule. Kanuni zile za 1960 zilifanyiwa marekebisho mwaka 1993, lakini kwa miongo mingi hati za Tanzania Bara ziliendelea kuzitaja. Mtu aliyepewa kiwanja miaka ya 1990 alikuwa anasaini masharti yaliyoandikwa kabla nchi yake haijawa huru.

Nyumba inakuwa maficho

Halafu ikaja miaka ambayo biashara yenyewe, iwe nyumbani au dukani, ilikuwa jambo la kutazamwa kwa jicho baya.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha na kuwa na mishahara miwili. Mwaka 1971 serikali ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani kubwa, na baadhi ya wenye maduka ya Kihindi miji mbalimbali wakafunga na kuondoka nchini. Mwaka 1972 yakatokea mambo mawili: Sheria ya Leseni za Biashara ikapitishwa, ambayo bado inatumika, na serikali za mitaa zikafutwa. Miji ikabaki bila halmashauri mpaka mwaka 1978 zilipoanza kurudishwa. Miaka hiyohiyo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa, ikakamilika mwaka 1975, na barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa inapita Iringa na Mbeya. Watu walimiminika mijini wakati wa kupima viwanja hakuna. Mitaa ikajijenga yenyewe.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika ya vijiji. Haikudumu. Bidhaa ziliadimika haraka na serikali ikalazimika kulegeza. Ila somo lilishaingia: duka likifungwa, bidhaa hazipotei, zinahamia ndani. Sukari chini ya kitanda. Sabuni kabatini. Khanga kwenye sanduku la bibi. Mteja anabisha hodi nyuma, anauliza kwa sauti ya chini kama kuna "ile kitu".

Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Nyumba zilipekuliwa. Aliyekutwa na magunia ya sukari au katoni za sabuni bila maelezo alikamatwa. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya Nguvukazi, ambayo ilimtaka kila mtu mwenye nguvu aonyeshe anafanya kazi gani, na mijini wengi wasio na ajira ya kueleweka walikamatwa ili wapelekwe mashambani. Mama anayeuza maandazi akajikuta anatakiwa kuthibitisha kwamba kuuza maandazi ni kazi.

Miaka ya miradi

Kilichobadilisha mambo ni njaa ya watu wenye mishahara. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa serikali haukufika hata katikati ya mwezi. Mwalimu, nesi, karani, hata bosi wa ofisi, wote wakaanzisha kile kilichoitwa miradi. Kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Nguruwe. Ng'ombe wa maziwa wawili. Maandazi yanapikwa na mama, yanauzwa ofisini na baba. Wale waliotakiwa kukamata biashara za nyumbani sasa walikuwa nazo wenyewe.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao, na mitumba ikaanza kujaa. Mwaka 1991 chama tawala kikapitisha Azimio la Zanzibar, na viongozi na wanachama wakaruhusiwa kufanya yale waliyokatazwa mwaka 1967, ikiwemo kupangisha nyumba. Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mjini: mwisho ng'ombe wanne, na wafugwe ndani, siyo kuzurura mtaani. Angalia hapo. Serikali ilikuwa imekubali kwamba nyumba ya mjini inaweza kutoa maziwa ya kuuza. Ilichofanya ni kuweka kiasi, haikufunga mlango.

Miaka ya 1990 wafanyakazi wengi walipunguzwa serikalini na kwenye mashirika ya umma. Aliyepata kiinua mgongo kidogo akajenga fremu mbili mbele ya nyumba yake. Moja akaweka duka, ya pili akapangisha. Ndiyo sura ya mitaa ya Mbeya na Iringa mpaka leo: uzio umevunjwa, fremu zimepangwa, na nyuma yake kuna nyumba ambayo hati yake inasema makazi tu.

Moto na mabomu ya machozi

Wapo wanaosema suluhisho ni rahisi, watu waende sokoni. Historia ya soko kwenye miji hii miwili haikuwa rahisi hivyo.

Mbeya, soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Soko la Uhindini likaungua mwaka 2010. Soko la Sido, ambako waliokosa nafasi walikuwa wamehamia, likaungua mwaka 2011, na tena mwaka 2017. Mtu aliyeweka mtaji wake wote kwenye kibanda cha mbao anaelewa kwa nini mwenzake anapendelea kuweka mzigo chini ya kitanda chake.

Novemba 2011 Mbeya ililipuka. Wamachinga walipoondolewa barabarani Mwanjelwa na maeneo ya jirani, vurugu zilidumu siku mbili, mabomu ya machozi kila kona, barabara kuu ikafungwa kwa mawe na matairi. Mbunge wa mji wa wakati huo, ambaye alitokea kwenye muziki wa Hip Hop, ndiye aliyesimama mbele ya umati kuutuliza. Mei 2013 ikawa zamu ya Iringa, pale Mashine Tatu. Wamachinga walikatazwa kupanga bidhaa, polisi wakaja, na mbunge wa mji akakamatwa pamoja na makumi ya watu.

Desemba 2018 serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kwa mara ya kwanza mama wa vitumbua alikuwa na karatasi ya kumuonyesha mgambo. Mwaka 2021 upepo ukageuka, wamachinga nchi nzima wakatakiwa kuhama barabarani kwenda maeneo waliyopangiwa. Aliyeona eneo jipya liko mbali na wateja alikuwa na njia mbili: kuacha, au kurudi nyumbani na kufungua ukurasa Instagram.

Leo sheria inasemaje

Sheria ya zamani ya 1956 ilifutwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na kanuni mpya za makundi ya matumizi zilitoka mwaka 2018. Wazo kuu halijabadilika: kiwanja kina matumizi yake, na kuyabadili kunahitaji kibali cha halmashauri. Mwenye nyumba anaomba, majirani wanapewa nafasi ya kusema kama wana pingamizi, na ombi likikubaliwa hati inabadilishwa. Baada ya hapo kodi ya pango la ardhi nayo inapanda, maana ardhi ya biashara hulipiwa zaidi ya ya makazi.

Leseni ni kitu kingine, na hapa wengi wanajichanganya. Biashara nyingi za mtaani leseni yake inatoka halmashauri kwa afisa biashara, na zile kubwa za kitaifa zinatoka BRELA. Kabla ya kuipata unatakiwa kuwa na namba ya mlipakodi, karatasi ya TRA, na uthibitisho wa mahali pa biashara. Anayetengeneza keki, siagi ya karanga au sosi ya pilipili kwa ajili ya kuuza ana mlango mwingine wa kubisha, TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosajili majengo ya chakula na vipodozi, kazi iliyokuwa ya TFDA. Mtu anaweza kuwa na leseni lakini hati inamkana. Anaweza kuwa na hati safi lakini hana leseni. Hizi ni karatasi tofauti, kutoka ofisi tofauti, na kila ofisi inaweza kumfungia kivyake.

Sasa tuwe wakweli. Sheria hizi hazikuja kwa ubaya tu. Jirani wa fundi wa kuchomelea geti anayeanza kazi saa 11 alfajiri anajua kwa nini mji unahitaji mipango. Aliyelala karibu na baa yenye spika mbili anajua pia, na ndiyo maana nchi ina kanuni za kelele za mwaka 2015. Banda la kuku 300 kwenye kiwanja kidogo linanuka, hakuna ubishi.

Tatizo ni kwamba hati haitofautishi. Kwa neno "makazi tu", yule mwenye baa na yule binti anayefunga mawigi kwenye bahasha wako kapu moja. Mmoja anazuia mtaa mzima usilale. Mwingine hata jirani wa ukuta kwa ukuta hajui kama anauza. Na ukiangalia nani anaguswa kwanza msako ukipita, siyo mwenye nyumba ya ghorofa Gangilonga anayefanyia ofisi yake ya ushauri chumbani, hana kibao, hana foleni. Anaguswa mwenye meza barazani, kwa sababu yeye anaonekana.

Hiyo ndiyo mistari ya zamani inayoendelea kufanya kazi. Mwenye nafasi kubwa anaficha biashara yake nyuma ya bustani. Mwenye chumba kimoja hana pa kuificha, kwa hiyo yeye ndiye mvunja sheria.

Na miji hii ilishaonyesha mara mbili kwamba inaweza kufikiri vingine. Uhindini iliruhusu duka na kitanda chini ya paa moja, na mtaa haukufa. Kanuni za ng'ombe za 1992 zilisema fuga, ila mwisho wanne. Hakuna kinachozuia halmashauri kusema kitu kama hicho kwa cherehani, keki, saluni ya kiti kimoja na duka la mtandaoni: fanya, ila kelele mwisho hapa, wateja mwisho idadi hii, taka peleka pale, na ada ni hii moja. Baraza la madiwani lina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na rasimu zake huletwa kwa wananchi watoe maoni kabla hazijapitishwa. Tangazo lake hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, karibu na majina ya wadaiwa, na mara nyingi hakuna anayelisoma.

Bibi yake yule binti wa mawigi, kama aliuza sabuni mwaka 1983, aliiweka chini ya kitanda akiomba mlango usigongwe. Mjukuu ana picha nzuri, ana wafuasi elfu kadhaa, ana bodaboda wa kupeleka mzigo hadi Uyole. Ila mlango ukigongwa kwa nguvu, moyo wake bado unaruka uleule.